Mboni iliyosinyaa: mshipa wa shingo uliochanika baada ya ajali ya bodaboda

Kisa hiki ni cha hospitali ya mkoa mmoja Tanzania Bara. Umri kamili, mahali na tarehe nimeviondoa, na saa nimezihesabu kuanzia dakika ya ajali. Mgonjwa na dada yake wameridhia kiandikwe. Mimi nilikuwa daktari wa zamu usiku wa pili, na kosa kubwa lililomo humu liliandikwa kwa kalamu yangu.

## Mgonjwa na ajali

Mwanamume wa miaka 30 na ushee, dereva wa bodaboda, hana presha, hana kisukari, havuti sigara. Jioni, giza likianza kuingia, alikwepa ng'ombe aliyekatiza barabara, gurudumu la mbele likaingia kwenye kokoto za pembeni, akarushwa. Alianguka kwa upande wa kushoto wa kichwa. Helmeti alikuwa ameivaa na mkanda ulikuwa umefungwa. Ilipogonga ukingo wa lami ilipinda kwenda nyuma, kichwa kikageuka nayo, mkanda ukamkaba chini ya taya. Abiria wake alipona na michubuko ya magoti.

Mashuhuda walisema alizimia dakika chache, akaamka anauliza pikipiki iko wapi. Alifikishwa hospitali ya wilaya saa moja na nusu baada ya ajali, akatapika mara moja. Alama zake za Glasgow, kipimo cha kujitambua, zilikuwa 14 kati ya 15, kwa kuwa alichanganya siku. Jeraha la juu ya sikio la kushoto lilishonwa. Analalamika kichwa na shingo, zaidi upande wa kushoto. Cheti chake kilisema mboni zote mbili zinalingana na zinaitikia mwanga. Chini yake muuguzi aliandika: "ana alama nyekundu ya mkanda shingoni kushoto, kama mkufu." Sentensi hiyo ilisafiri na mgonjwa hadi kwetu na hakuna daktari aliyeisoma, mimi nikiwemo, mpaka mambo yalipoharibika.

Wilayani hakuna CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Alilazwa kwa uangalizi, ndugu wakafuata fomu ya PF3 polisi, asubuhi akaandikiwa rufaa.

## Picha ya kwanza

Alitufikia saa 15 baada ya ajali, akiwa anajitambua kabisa, Glasgow 15, anaongea na kutania wauguzi. Ombi la picha lilisema: "CT ya kichwa, bila dawa," yaani bila ile dawa ya rangi inayoonyesha mishipa. Majibu yalikuwa na mambo mawili. La kwanza ni mchubuko mdogo wa ubongo wenye damu kidogo, eneo la panja la kulia. Ubongo ulitikisika ukagonga fuvu upande wa pili wa pigo, jambo la kawaida. La pili ni ufa mwembamba wa kitako cha fuvu upande wa kushoto, unaopita kwenye ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio na kufika kwenye mfereji ambamo karotidi, mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo, hupanda kuingia kichwani. Pingili za shingo zilikuwa nzima.

Kwenye raundi tulijadili mchubuko. Una ukubwa gani, utaongezeka au hautaongezeka, picha ya kurudia ifanyike lini. Ufa tulisema "mdogo, hauhitaji upasuaji," ambayo ni kweli, tukapita. Hakuna aliyeuliza kitu gani kinapita ndani ya mfereji uliopasuka.

## Usiku wa pili

Saa 28 baada ya ajali, saa 5 usiku, mgonjwa alimwambia muuguzi kwamba mkono wake wa kulia umekufa ganzi na kijiko kimemponyoka. Baada ya dakika kama 10 ukarudi. Muuguzi aliandika, akanipigia. Nilikuwa nashona mtu mapokezi. Nikajibu kwamba huenda ameulalia.

Saa 30, saa 7 usiku, taa za wodi zikiwa zimezimwa ili watu walale, dada yake aliyekuwa akimwuguza alinifuata koridoni.

"Dokta, samahani. Jicho la mdogo wangu silielewi. Jana halikuwa hivi."

Nilikwenda. Kwenye mwanga hafifu mboni hazikulingana: ya kulia kubwa, ya kushoto ndogo. Nilipommulika tochi zote zilisinyaa na tofauti ikawa ndogo sana. Kichwani mwangu kulikuwa na picha moja tu, mchubuko wa panja la kulia, na sasa mboni ya kulia ni kubwa. Tangu chuoni tumefundishwa kuiogopa mboni inayopanuka upande wa damu. Niliandika: "Mboni ya kulia imepanuka. Shinikizo la ubongo linaongezeka." Nikaagiza manitoli, dawa ya kupunguza shinikizo hilo inayomkojoza mgonjwa, na CT ya kurudia asubuhi fundi akifika.

Mgonjwa wakati huo alikuwa amekaa, ananiuliza kama nina mtoto anayesoma.

Dada alirudia neno lake kwa adabu: "Lakini dokta, mimi naona la kushoto ndilo limekuwa dogo. Na kope imelala." Nilimshukuru, nikamwambia tutaangalia.

## Asubuhi

Kutokana na manitoli alikojoa sana usiku kucha na dripu haikufidia. Jioni presha yake ilikuwa 128/80. Saa 12 asubuhi ilikuwa 104/62. Saa moja baadaye, saa 36 tangu ajali, muuguzi wa kubadilisha zamu alimsalimia, naye akafungua mdomo, maneno yakagoma. Aliyoambiwa aliyasikia na kuyaelewa, akawa anagonga paja kwa hasira. Mkono wa kulia haukuinuka kitandani, mguu wa kulia uliinuka kwa shida, mdomo ukavutika.

CT ya kurudia ilifanyika saa 37 na nusu. Mchubuko ulikuwa vilevile, hata milimita haukuongezeka. Hakuna damu mpya, hakuna ubongo uliosukumwa.

Hapo ndipo daktari bingwa wetu wa upasuaji, mtu wa maneno machache, alipouliza swali lililotupasa tangu saa ya 15. Udhaifu uko kulia, kwa hiyo tatizo liko ubongo wa kushoto. Mchubuko uko kulia. Picha na mgonjwa haviongei lugha moja. Sasa nani muongo?

Alizima taa ya chumba, akafunga pazia, akamtazama mgonjwa kwa mwanga wa mlangoni. Mboni ya kulia ilipanuka kama inavyotakiwa gizani. Ya kushoto ilibaki ndogo. Kope ya juu ya kushoto ilikuwa imeshuka kidogo. Akamwomba dada simu, akatafuta picha ya kijana ya mwezi uliopita, siku ya harusi ya jirani. Macho yalikuwa sawasawa. Kisha akageuza shingo ya mgonjwa taratibu na kutuonyesha alama ya mkanda, iliyokuwa imegeuka zambarau.

## Maamuzi na sababu zake

Picha ya mishipa ilitakiwa palepale. Mashine ipo, kilichokosekana ni dawa ya rangi inayochomwa mshipani. Kwa kawaida ndugu huandikiwa wakanunue. Bingwa aliamua itolewe kwanza, hesabu zifuate. Hatukusubiri majibu ya figo: kijana alikuwa mzima, na kila saa ilikuwa inakula ubongo. Picha ikatoka saa ya 39. Karotidi ya ndani ya kushoto ilikuwa imechanika ukuta wake wa ndani chini ya kitako cha fuvu, njia imebana zaidi ya nusu, na bonge dogo la damu limening'inia ndani. Kwa vipimo vya daraja 5 vilivyochapishwa mwaka 1999 na madaktari wa Denver, Marekani, hilo ni daraja la 2: mshipa umebana kwa asilimia 25 au zaidi, au una bonge ndani. Daraja la 1 ni chini ya hapo, la 3 ni mshipa kutokeza kifuko, la 4 ni kuziba kabisa, la 5 ni kukatika na kuvuja.

Tulimpigia daktari wa upasuaji wa ubongo wa hospitali ya rufaa. Mazungumzo yalichukua dakika 20, na yalistahili.

Dawa ya kuyeyusha bonge, ile ya kiharusi cha kawaida, tuliikataa mara moja. Mtu aliyeumia kichwa siku mbili zilizopita, akiwa na damu kwenye ubongo, akipewa dawa hiyo anaweza kuvuja mpaka afe. Kuwekewa springi ndani ya mshipa ili kuupanua kulijadiliwa kidogo tu: hakukuwa na mtu wa kuifanya karibu, na hata penye watu, kwa daraja la 2 dawa ndiyo hutangulia.

Ubishi ulibaki kati ya heparini na aspirini, dawa mbili za kuzuia damu isigande, na kama yoyote ianze leo. Mmoja wetu alisema tusubiri siku 7 mchubuko upone. Bingwa wa rufaa alijibu kwamba mchubuko mdogo ambao haujabadilika kwa picha mbili zilizopishana karibu siku nzima umeshatoa ushahidi wake, lakini bonge lililo shingoni bado linatema vipande. Heparini ina faida ya kuweza kusimamishwa haraka, lakini inataka pampu na kipimo cha damu kila baada ya saa chache, ambavyo sisi hatuna usiku. Aspirini haitaki vyote hivyo. Utafiti mmoja wa Uingereza na Australia uliochapishwa mwaka 2015, uliolinganisha makundi haya mawili ya dawa kwa watu 250 waliochanika mishipa ya shingo, haukuona tofauti ya maana. Wengi wao hawakuwa majeruhi wa ajali kubwa, kwa hiyo sitaki kuukuza, ila ulitosha kutuondolea aibu ya kuchagua dawa ya bei rahisi.

Saa ya 41 alipewa aspirini 300 mg kupitia mpira wa puani, kwa sababu alipojaribiwa kijiko cha maji alipaliwa. Manitoli ilifutwa. Dripu ya chumvi ikaongezwa, presha ikarudishwa juu ya 120 na amri ikaandikwa kwa herufi kubwa kwamba isishushwe. Glasgow na nguvu za mikono kila saa. Zikibadilika, CT tena. Kola ya shingo aliendelea nayo.

Dada alielezwa na bingwa mwenyewe, akiwa amekaa naye kwenye benchi. Mimi nilisimama pembeni. Bingwa alimwambia: "Dada yangu, ulichokiona usiku ndicho kilichotuonyesha njia. Tungekusikiliza mapema." Hakusema nani.

## Matokeo

Kipande cha ubongo wa kushoto kilikufa, kikaonekana kwenye CT ya siku ya 3. Hakikuvimba kiasi cha kuhitaji upasuaji, na mchubuko wa kulia haukuvuja. Siku ya 5 alianza kusema maneno mojamoja, la kwanza likiwa jina la pikipiki yake. Picha ya mishipa ya siku ya 10 ilionyesha njia imefunguka na bonge limetoweka, kifuko hakikutokea. Aspirini ikapunguzwa hadi 75 mg kwa siku.

Baada ya miezi 3 anazungumza vizuri, akichoka tu maneno humpotea. Anatembea bila fimbo. Vidole vya mkono wa kulia havina nguvu ya kushika kwa muda, na mkono wa kulia ndio wa mafuta na breki ya mbele, kwa hiyo bodaboda kwa sasa basi. Anamsaidia shemeji yake duka la vipuri. Kope bado imeshuka kidogo.

Picha ya tatu ya mishipa ilitakiwa wakati huo. Familia ilikuwa imeshachanga vya kutosha, hatukutaka kuibebesha tena. Tulifanya ultrasaundi ya shingo, tukijua haioni sehemu ya juu karibu na fuvu ambako ndiko mshipa ulikochanika, na kwa kuwa haikutuambia la uhakika tukamwachia aspirini hadi mwezi wa 6.

## Uchambuzi: mboni ipi ni mgonjwa

Nyuzi za neva zinazoipanua mboni na kuinua kidogo kope hupanda kichwani zikiwa zimeuzunguka mshipa wa karotidi kama mtambaa kwenye nguzo. Ukuta wa mshipa ukivimba kwa damu iliyoingia ndani yake, nyuzi hizo hubanwa. Mboni ya upande huo hushindwa kupanuka, kope hulegea. Jicho linaonekana dogo, kama la mtu mwenye usingizi upande mmoja.

Kwa kuwa shida yake ni kupanuka, mwanga mkali huificha. Tochi husinyaza mboni zote, nzima na mbovu, tofauti ikapotea. Ndiyo maana cheti cha wilaya kilisema zinalingana, na huenda wakati ule zililingana kweli. Gizani ile nzima hupanuka, mbovu hubaki nyuma. Kinyume chake ni mboni iliyopanuka kwa shinikizo la ubongo: hiyo hushindwa kusinyaa, na mwanga mkali ndio unaoifichua. Kwa hiyo mboni zisipolingana, zitazamwe mara mbili, taa ikiwaka na taa ikiwa imezimwa. Tofauti ikikua gizani, ndogo ndiyo yenye shida. Ikikua kwenye mwanga, kubwa ndiyo yenye shida. Na kope hukuelekeza: niliona mboni kubwa kulia na kope iliyoshuka kushoto, nikaichukua habari moja nikaiacha nyingine kwa sababu haikuingia kwenye hadithi niliyokuwa nayo.

Kulikuwa na dalili nyingine kubwa mbele yangu. Mtu ambaye ubongo wake unasukumwa hadi mboni ipanuke huwa anazama kwenye usingizi. Hakai kitandani akakuuliza habari za mtoto wako.

## Uchambuzi: kwa nini kiharusi kilichelewa

Karotidi ya ndani ni huru shingoni, lakini imefungwa imara pale inapoingia kwenye mfupa wa fuvu. Kichwa kikitupwa nyuma huku kikigeuka, mshipa huvutwa na kukandamizwa juu ya pingili za juu za shingo. Utando wa ndani, ulio laini kuliko wote, ndio unaochanika. Damu haivuji nje, kwa hiyo mgonjwa yuko sawa na picha ya kichwa iko sawa. Lakini pale palipochanika chembe za damu hunata, bonge hukua saa kwa saa, kisha vipande hukatika na kupanda. Mara nyingi kiharusi huja kati ya saa 10 na siku 3 baada ya ajali. Kisa chetu kimekaa katikati kabisa ya muda huo. Kuchelewa huko ndiyo nafasi ya tiba, na sisi tulikuwa na mgonjwa mikononi kwa saa 21 kabla mkono haujalala.

Ganzi ya dakika 10 ilikuwa kipande cha kwanza kupita. Mkono uliolaliwa haudondoshi kijiko mtu akiwa anakula.

## Uchambuzi: ombi la picha

Vigezo vya Denver vya nani apigwe picha ya mishipa hata kama hana dalili vinajulikana, na mgonjwa wetu alikuwa navyo vya kutosha: ufa wa kitako cha fuvu unaofika mfereji wa karotidi, na alama ya mkanda shingoni pamoja na maumivu. Vingine ni kuvunjika kwa pingili za shingo, kuvunjika vibaya kwa mifupa ya uso au taya, kunyongwa au kukabwa, na jeraha zito la ubongo. Mwenye dalili, yaani udhaifu usioelezwa na CT, jicho kama hili, uvimbe wa shingo unaokua au mvumo unaosikika kwa stetoskopu shingoni kwa kijana, huyo haingii hata kwenye mjadala.

Tungeongeza dawa ya rangi saa ya 15, mgonjwa akiwa tayari juu ya meza ya mashine, tungeuona mshipa. Sisemi kiharusi kingezuilika kwa hakika. Lakini aspirini ingeanza ikiwa bado kuna cha kuzuia.

Kuhusu manitoli, mshipa uliobana hutegemea presha kusukuma damu, nami nilimkausha mtu na presha ikashuka. Bonge lingeweza kukatika hata bila mimi. Saa zinazofuatana si ushahidi kamili, ila nimeacha kuagiza manitoli kwa simu au kwa mboni peke yake.

Lililokwenda vizuri ni uandishi wa wauguzi. Alama ya mkanda, ganzi, dakika zake, presha ya saa 12, vyote viliandikwa na watu wasio na mamlaka ya kuagiza picha. Uamuzi wa kutosubiri malipo uliokoa labda saa 3. Na aspirini kuanza mapema pamoja na mchubuko, jambo lililotutia hofu wote, halikuleta damu.

## Tunalobishania bado

Karatasi ya uangalizi wa majeruhi wa kichwa tumeibadilisha: ina mstari wa mboni gizani, na kisanduku cha alama shingoni ambacho daktari lazima asaini kwamba amekisoma. Hilo halikuwa na mpinzani. Mzozo uko kwenye dawa ya rangi. Mimi nataka kila mwenye ufa wa kitako cha fuvu apigwe picha ya mishipa siku hiyohiyo. Mwenzangu wa radiolojia anasema tuna mashine moja, chupa za dawa zinahesabika, na nyufa nyingi hazigusi mfereji wa karotidi. Anataka aamue yeye kwa kuangalia ufa unapita wapi, akishaelezwa shingo ikoje. Kwa sasa tunafuata njia yake, kwa sharti kwamba ombi lisiloeleza hali ya shingo linarudishwa wodini bila kupigwa picha. Wiki iliyopita alinirudishia langu.